Picha za Makro kwa Gharama Nafuu: Mirija, Pete ya Kugeuzia na Lenzi ya Kubana

Karibuni, watazamaji wangu. Leo niko Kisumu, karibu na ufuo wa Dunga, na kabla sijaeleza chochote ningependa mtazame picha iliyo kwenye skrini. Mdudu huyu ni nzi wa ziwani, miongoni mwa wale wanaopanda juu ya Ziwa Victoria kwa wingi hadi mtu aliye mbali hudhani ni moshi, na ambao asubuhi tunawafagia barazani bila kuwatazama mara ya pili. Huyu ni dume, na vipapasio vyake vimechanua kama unyoya, kila uzi ukionekana peke yake. Sikutumia lenzi ya makro, ile iliyotengenezwa kwa kupiga vitu vidogo kwa karibu sana. Nilitumia lenzi ya kawaida ya milimita 50 na mrija mmoja mtupu.

Nasema mtupu kwa sababu mirija ya kurefushia haina kioo ndani. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, na lenzi ikishasogea hivyo huweza kukiona kitu kilicho karibu zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya urefu wa mrija kwa urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake), kisha ujumlishe ukuzaji wa lenzi yenyewe, yaani ukubwa wa picha kwenye sensa ukilinganishwa na kitu halisi. Lenzi yangu ni Canon EF 50mm f/1.8 STM, ambayo peke yake hufikia 0.21, mrija wa milimita 36 unaongeza 0.72, jumla ikawa 0.93, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua zaidi ya milimita 9 za sensa. Mrija huohuo ukiuweka kwenye lenzi ya milimita 200 utakuongezea 0.18 tu, kwa hivyo mirija ni ya wenye lenzi fupi.

Hapa nina onyo linalotoka moyoni. Seti yangu ya kwanza niliinunua dukani kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote, na muuzaji hakuniambia kwamba haikuwa na viunganishi vya umeme. Bila viunganishi hivyo kamera haina njia ya kuiamuru lenzi ifunge tundu lake la kupitishia mwanga, na tundu likibaki wazi ni sehemu nyembamba tu ya picha inayokuwa kali; kwa muda wa wiki mbili nilipata picha ambazo jicho moja la nzi lilikuwa kali na mwili wote uliobaki ni ukungu. Kabla ya kulipa, itazameni mirija kwa ndani: lazima muone vitufe vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyopangwa mstari upande mmoja, na vijiti vyake upande wa pili.

Chaguo la bei ya chini kabisa ni pete ya kugeuzia, ambayo hufungwa kwenye nyuzi za mbele za lenzi ili lenzi ikae kinyumenyume juu ya kamera. Lenzi ya milimita 28 iliyogeuzwa hivi hukuza karibu mara mbili ya ukubwa halisi, jambo linalonishangaza hadi leo. Hata hivyo mdudu atakuwa sentimita nne hivi kutoka kwenye kioo, na kereng'ende wa kwenye mafunjo hakubali kusogelewa kiasi hicho jua likishapanda. Tumieni lenzi ya zamani yenye pete ya kufunga tundu kwa mkono, na msiache kioo chake cha nyuma kikaelekea vumbi la barabarani.

Kwa mwenye lenzi ndefu, kwa mfano ya milimita 55 hadi 250, ningependekeza Raynox DCR-250. Ni lenzi ndogo yenye nguvu ya dayopta 8 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi; namba kubwa hukuza zaidi), hubanwa mbele ya lenzi yoyote yenye nyuzi za milimita 52 hadi 67, na humwacha mdudu umbali wa sentimita 12 hivi, nafasi ya kutosha kabisa kwa kipepeo. Zile seti za vioo vya kuskrubu, +1, +2, +4 na +10, zina faida ya bei pekee. Kile cha +10 hulainisha pembe za picha mno. Lenzi za kubandika kwenye simu zinamfaa mtoto anayejifunza kutazama, na kwa kazi hiyo nazisifu kwa dhati.

Fedha itakayobaki iwekeni kwenye mwanga. Ukuzaji unapokaribia 1, mwanga unaofika kwenye sensa hupungua hadi robo, na kwa kuwa tundu lazima lifungwe hadi f/8 au f/11 (namba kubwa ni tundu dogo) ili mwili wa mdudu uonekane, jua la mawingu halitoshi. Flashi ndogo humulika kwa muda mfupi sana kiasi kwamba mkono unaotetemeka hauharibu picha, lakini ikiachwa wazi huchoma mgongo wa mbawakawa kwa doa jeupe. Mimi nilikata ubavu wa mtungi mweupe wa plastiki, nikaukunja juu ya lenzi hadi karibu na mdudu, na mwanga ukamfunika kama wa alfajiri. Kisha sigusi fokasi: najongea mbele na nyuma polepole, nikipiga picha tano au sita, kamera ikiwa sambamba na ubavu wake.

Kwa anayeanza, mdudu wa kwenye picha hii ndiye mwalimu mwema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado amelala ukutani chini ya taa ya nje, ubavu wake umekuelekea, wala haruki.