Mti halisi wa Krismasi, kutoka shambani hadi sebuleni: uzoefu wangu

Mwaka jana mti wetu wa Krismasi ulikufa kabla ya sikukuu yenyewe. Niliununua umeshakatwa, umefungwa wavu na kusimamishwa juani pamoja na wenzake, na muuzaji hakuniambia lolote zaidi ya bei. Kufikia siku ya kumi, ukigusa tawi tu majani yanamwagika sakafuni kama mchanga. Niliumia sana, maana watoto waliupamba kwa mikono yao.

Safari hii nikamfuata mkulima anayeotesha miti hiyo mwenyewe. Kabla hata sijachagua aliniuliza maswali mawili: utakaa ndani wiki ngapi, na chumba kina joto kiasi gani? Nilipomjibu akanitoa kwenye safu niliyokuwa nimeshaipenda, ya Picea abies, aina ya mti wa Krismasi uliozoeleka Ulaya. Ule mti una harufu nzuri ajabu, lakini kwenye chumba chenye joto huanza kupukutika mapema. Akanipeleka kwenye Nordmann, aina nyingine ya mti wa Krismasi ambao asili yake ni milima ya Kaukasi. Majani yake ni bapa, laini, hayachomi, na hushikilia tawi hata mti unapoanza kukauka. Akanishikisha tawi, akaniambia nilivute taratibu kiganjani kuanzia ndani kwenda nje. Halikudondoka hata jani moja. Kisha akakunja jani moja kati ya vidole, likakatika kwa mlio mdogo. Ndivyo mti mbichi wa aina hiyo unavyojitambulisha, akasema.

Aliukata mbele ya macho yangu kwa msumeno wa mkono, halafu akakata kipande chembamba cha shina na kunipa. Nilihesabu pete tisa. Miaka tisa ya kupalilia, kupogoa ili uwe na umbo, na kusubiri, kwa mti uliozidi kimo changu kidogo tu! Na hapo hujaweka miaka ya mche kwenye kitalu. Tangu siku hiyo sijabishana tena kuhusu bei ya mti halisi.

Lakini kilichonifanya niandike haya yote ni maelezo aliyonipa kuhusu maji. Mti ukishakatwa, utomvu huganda kwenye kidonda na kuziba njia za maji, na hilo huanza ndani ya saa chache. Kwa hiyo ukifika nyumbani ukate tena, sentimita mbili au tatu kutoka chini, kisha uutie majini papo hapo. Hapo ndipo nilipokosea mwaka jana. Nakumbuka maji kwenye stendi, ile bakuli ya kusimamishia mti, hayakupungua wiki nzima, nami nikafurahi kwamba sina kazi ya kujaza. Kumbe mti ulikuwa haunywi kabisa.

Mwaka huu nilikata upya saa moja jioni, nikajaza stendi, nikalala. Asubuhi nilijilaza kifudifudi chini ya matawi na tochi, nikaingiza kidole: pakavu. Ulikuwa umekunywa yote. Nikamimina tena, na jioni tena. Kipimo alichonipa ni kwamba stendi ibebe lita moja kwa kila sentimita mbili na nusu za kipenyo cha shina, na shina langu lilikuwa na sentimita kumi, yaani lita nne. Lawama yangu kwake ni hii: stendi aliyoniuzia haikufika hata lita mbili. Mtu anayejua maji kiasi hicho hapaswi kuuza stendi ndogo namna ile, kwani anayefanya kazi kutwa atarudi akute shina limekauka na utomvu umeshaanza kuziba tena.

Nikatafuta stendi kubwa, na hiyo nayo mdomo wake ulikuwa mwembamba kwa shina. Nilishachukua kisu nichonge pembeni, nikakumbuka onyo lake: usimenye gome, maana sehemu inayopandisha maji ni ile ya nje, karibu na gome. Nikairudisha stendi, nikachukua nyingine yenye mdomo mpana. Ilikuwa usumbufu, lakini ningechonga ningerudia msiba wa mwaka jana kwa njia nyingine.

Baada ya wiki ya kwanza kiu ilipungua, ikawa kama lita moja na nusu kwa siku. Watu walinishauri niweke sukari, wengine aspirini. Sikuweka kitu, kwa sababu maji matupu yanatosha. Niliuweka mbali na dirisha lenye jua na mbali na chochote kinachotoa joto, na taa zilikuwa za LED ambazo hazipati moto sana, nikizizima kila tulipokwenda kulala. Hili la taa nalisisitiza kwa mwenye watoto: mti uliokauka hushika moto kwa kasi ya kutisha, wakati ulioshiba maji ni mgumu kuwaka.

Upungufu mwingine ni harufu. Nordmann hainukii sana, na aliyezoea ile harufu ya kujaza nyumba atasikitika. Utomvu nao ulinata vidoleni hadi nilipousugua kwa mafuta ya kupikia, sabuni peke yake ilishindwa.

Ulisimama wiki nne. Siku ya kuutoa, majani yaliyokuwa sakafuni yalijaa kiganja kimoja. Matawi nimeyakata na kuyatandaza kwenye maua yahifadhi unyevu, shina linakauka nje. Mkulima nampa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeizuia kwa ajili ya stendi, na nimeshamwambia mwenyewe. Kile kipande chenye pete tisa kiko mezani kwa binti yangu. Amechora alama ya kalamu kwenye pete ya mwaka aliozaliwa.