Miaka mitano na akaunti ya mudharaba: hela yangu inafanya kazi gani huko ilikolala?

Nauza vitambaa Kariakoo na hii akaunti nilifungua miaka mitano iliyopita kwenye benki ya Kiislamu hapahapa Dar, jina sitaji maana nina mazuri na nina malalamiko. Ninazo mbili hapo. Moja ya kuweka na kutoa tu, haina faida hata shilingi, na ya pili ni ya mudharaba, unafunga hela miezi 12 halafu mnagawana kilichopatikana.

Kwa anayetaka jibu la haraka: bado nipo na sina mpango wa kuondoka. Ila sikai kimya.

Kabla ya hapo nilikuwa benki ya kawaida kama wengi wetu, riba ikiingia naitoa nampa mtu mwenye shida, wala sihesabu kama sadaka, ndivyo tulivyofundishwa. Nikaona nimemaliza. Sasa kuna mama mmoja mtaani kwetu anapika chapati, alichukua ile mikopo ya kausha damu, laki mbili, mwezi ukamkuta mtoto yupo hospitali hajauza, wakaja wakabeba friji na godoro. Godoro jamani. Sisemi benki yangu ya zamani ndiyo iliyomkopesha, hapana, ila usiku ule nililala nawaza, mi natoa vihela vya riba najiona nimesafika, lakini ile hela yenyewe ya akiba iko wapi saa hizi, imekopeshwa nani, kwa masharti gani, na akishindwa anafanywa nini. Sikuwa na jibu hata moja.

Siku ya kufungua akaunti dada wa kaunta akaniambia "hii tunakupa asilimia sita kwa mwaka". Nikamuuliza mnanipa au mnatarajia? Maana kama mmeniahidi kabla biashara haijafanyika basi ndio riba ileile niliyoikimbia. Akaitwa afisa mwingine, kijana muelewa sana, akanikalisha akanieleza vizuri kwamba kinachokubaliwa mwanzo ni mgawanyo, mimi 40 benki 60, faida yenyewe haijulikani mpaka ipatikane, na biashara ikila hasara bila uzembe wao basi inakula mtaji wangu, wao wanakuwa wamepoteza jasho lao. Hilo la hasara liko kwenye mkataba kwa maandishi madogo na wateja wengi wanasaini bila kuambiwa. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza linalotakiwa kusemwa pale kaunta, maana uhalali wa faida unatokana na kukubali hasara, ukimficha mtu hasara umemuuzia kitu kingine.

Nilianza na milioni 8. Mwaka wa kwanza ikaja 432,000, wa pili 408,000. Ukilinganisha na fixed ya benki nyingine ni kidogo, nisidanganye. Kilichonishangaza ni jinsi inavyocheza kidogo mno, mi nipo sokoni miaka 14, biashara gani Dar inatoa karibu kilekile kila mwaka? Nikauliza, nikaambiwa mwaka mzuri benki inaweka kiasi pembeni ili mwaka mbaya mteja asishtuke. Inaruhusiwa, sawa, ila tuambiwe kiasi gani kimewekwa pembeni maana ni hela yetu pia.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe hela inayofanya. Sehemu kubwa ya biashara yao ni murabaha, yaani benki inanunua kitu halafu inakuuzia kwa bei ya juu unalipa kidogokidogo. Mdogo wangu alichukua bajaji hapohapo. Dukani ilikuwa milioni 9, benki ikamuuzia 11,400,000 kwa miezi 24, 475,000 kila mwezi. Watu wanasema hii ni riba iliyovalishwa kanzu tu, na ukiangalia namba unaona kwa nini wanasema, maana haiko mbali na mkopo wa kawaida. Lakini dogo akaugua, miezi miwili hakugusa bajaji, na deni halikuongezeka hata mia. Bei ikishakubaliwa imeshakubaliwa. Hakuna cha riba juu ya riba, hakuna aliyekuja kubeba godoro. Alitozwa faini ya kuchelewa, na mkataba unasema faini haiingii kwenye faida ya benki, inakwenda kwenye sadaka.

Nikiwa nalinganisha na yule mama wa chapati, hapo ndipo roho yangu inatulia.

Malalamiko yangu sasa. La kwanza, dogo alisaini karatasi zote siku moja kwenye meza moja, ya kuiwakilisha benki kununua na ya yeye kununua toka kwa benki, bajaji yenyewe hajaiona. Kama benki haikuwahi kuimiliki kweli hata kwa saa moja, kama ingeibiwa njiani hasara isingekuwa yao, basi walichouza ni nini? Msingi wa kununua na kuuza ni kubeba hatari ya mali, ukiutoa huo imebaki hela kwa hela. La pili, hizo faini zinazokwenda sadaka, zinakwenda wapi? Nimeuliza mara tatu, mara ya mwisho kwa barua, sijajibiwa. Sisemi wamekula. Nasema mtu aliyechelewa kulipa ni mtu mwenye shida, hela yake inapotolewa sadaka ana haki ya kuona kisima au dawati lililonunuliwa. La tatu, uliza kama wanafanya tawarruq, ile ya kununua bidhaa na kuiuza papohapo ili mtu apate keshi tu. Baraza la fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria ya dini, la jumuiya ya nchi za Kiislamu OIC, lilishaikataa ile ya kupangwa na benki tangu 2009, ila benki nyingi duniani zinaendelea nayo.

Benki yangu haigusi pombe, silaha wala kamari, na kwa jinsi vijana wetu wanavyoteketea na kubeti hilo peke yake kwangu lina uzito mkubwa. Lakini kutogusa haramu hakumalizi mambo. Mwenye kiwanda anayewalipa vibarua wake miezi mitatu nyuma anaweza kupata murabaha bila shida maana anachotengeneza ni halali. Benki ya Mit Ghamr, mojawapo ya benki za kwanza zisizo na riba, aliyoianzisha Ahmad El Naggar kule Misri mwaka 1963 ilikuwa ya wakulima na mafundi wadogo, wanaweka akiba kidogo wanasaidiwa kufungua shughuli, inafanana na vikoba vyetu. Sasa hivi ukiingia tawini mabango ni magari na nyumba. Yule mama wa chapati akienda leo wataanza kumuuliza dhamana ambayo hana.

Jirani yangu wa fremu, Mkristo, kaniuliza kama na yeye anaweza kufungua. Anaweza, hawaulizi dini, na yeye kilichomvutia ni hilo la kubeti maana mwanawe limemmaliza. Nimemwambia aje na maswali: mgawanyo wangu ni ngapi, hasara nani anabeba, faini zinakwenda wapi, nani yuko kwenye bodi ya sharia, wale masheikh wanaokagua kama biashara ya benki ni halali. Wakimjibu kwa kukunja uso, aondoke na hela yake.

Yangu inafunguka mwezi ujao. Milioni nane nairudisha mudharaba, faida ya mwaka huu naitia kwenye kikoba chetu cha akina mama, tumeshakubaliana wa kwanza kupewa ni mama wa chapati, bila nyongeza, arudishe kadiri anavyouza. Na barua ya nne kuhusu faini nimeshaandika.