Krimu Sebuleni, Bluu Iliyokoza Chumbani: Uzoefu Wangu wa Rangi Mbili Dodoma

Katika nyumba yetu ya Nkuhungu, sebule imepakwa krimu na chumba cha kulala kimepakwa bluu iliyokoza kiasi cha kukaribia weusi. Zote mbili ni rangi za maji za silki, yaani zenye mng'ao kidogo, zilizochanganywa kwa mashine katika duka moja na kupakwa na fundi mmoja, kwa hiyo zinaweza kulinganishwa kwa haki.

Kabla ya kupaka, karibu kila mtu alinihakikishia kwamba kwa vumbi la Dodoma rangi iliyokoza ndiyo inayoficha uchafu. Si kweli. Vumbi letu ni jekundu lililopauka, na wakati wa kiangazi, upepo unapovuma kutwa nzima, hupenya hata kwenye madirisha ya aluminiamu yaliyofungwa. Likitua kwenye bluu huonekana kama unga, hasa juu ya swichi na kwenye kingo za ukuta, na ukilifuta kwa kitambaa kikavu huacha michirizi. Kwenye krimu vumbi hilo hilo ni vigumu kuliona. Kinachoisumbua krimu ni viganja vya watoto, navyo hutoka kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mradi usisugue kwa nguvu.

Kwa upande wa gharama, bluu imenichosha. Krimu ilitosheka na mikono miwili (yaani kupakwa mara mbili) juu ya praima, rangi ya msingi inayotangulia, ilhali bluu ilidai mkono wa tatu, kwani alama za rola zilikuwa bado zinaonekana kila mwanga wa dirisha ulipopiga ukuta kwa ubavu. Tena kopo la nyongeza, ingawa lilikuwa na namba ile ile ya rangi, lilitoka tofauti kidogo na la kwanza, ikabidi fundi aurudie ukuta mzima. Mwenye nia ya kupaka rangi iliyokoza anunue yote kwa mara moja na ayachanganye makopo yote kwenye chombo kimoja kabla rola haijagusa ukuta.

Hata hivyo, chumba hicho kinalalika. Dirisha lake linatazama magharibi, na jua la alasiri, ambalo kwenye kuta za krimu lingeumiza macho, humezwa na bluu. Gharama yake ni kwamba chumbani taa huwashwa mapema, wakati sebuleni mtu bado anasoma gazeti bila taa. Korido yetu haina dirisha. Zamu yake ikifika, nitapaka krimu.