Uzoefu wangu: kupimwa kinundu cha mguuni kwenye kliniki binafsi, Dar

Kinundu kiliota juu ya mguu wa kulia, pale mkanda wa kiatu unapopita. Hakikuwa na maumivu, ila kilikuwa kikikwaruzwa kutwa nzima maana kazi yangu ni ya kusimama. Kliniki niliyokwenda siitaji jina kwa kuwa nina lalamiko kwa upande wa malipo, nitalieleza. Daktari wao lakini namsifu bila kusita, na naandika ili mwenye uvimbe mguuni ajue kupimwa vizuri kukoje, asikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu kabla mtu hajaugusa mguu wake.

Aliniambia nivue viatu vyote viwili. Akatazama nyayo, akatanua vidole, akapitia kucha moja moja. Nikamuuliza, "Daktari, mbona uvimbe wenyewe uko juu?" Akanijibu kuwa kwa sisi wenye ngozi nyeusi, melanoma, ambayo ni saratani ya ngozi, mara nyingi hutokea unyayoni, viganjani na chini ya kucha, na watu wengi hawatazami huko. Ya Bob Marley ilianzia chini ya kucha ya kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, na 1981 akafariki akiwa na miaka 36 tu. Kwa hiyo doa jeusi linalopanuka, mstari mweusi unaonenepa chini ya ukucha, au kidonda cha unyayoni kisichopona, hayo hayasubiri. Vinundu vya rangi ya zambarau au kahawia iliyoiva navyo vinataka kupimwa mapema, kwa sababu saratani ya Kaposi hupenda miguu.

Kisha maswali. Kimeanza lini? Kinazidi kukua, au kuna siku kinanywea? Una sukari? Uliwahi kuchomwa na mwiba? Hilo la mwiba lilinishangaza. Kumbe kuna ugonjwa unaoitwa mycetoma, unaowapata sana wakulima na wafugaji wanaotembea pekupeku sehemu kavu zenye miba. Sudan wanaujua vizuri, na Khartoum kulikuwa na kituo chake maalumu tangu 1991. Unaanza kama kijiuvimbe kisichouma, halafu baada ya muda mrefu ngozi inatoboka vitundu vinavyotoa majimaji yenye chembechembe, nyeusi au nyeupe au njano. Ukifika hapo mara nyingi umeshaingia kwenye mfupa.

Swali la maumivu alilileta mwisho kabisa. Mimi ndilo nililokuwa nalo kichwani muda wote: hakiumi, basi si kitu. Akaniambia uvimbe wa saratani ya nyama na mishipa unaweza kukaa bila kuuma, na mguuni unaweza kuwa mdogo na kukua polepole. Anachokiogopa yeye ni uvimbe unaozidi kukua, mgumu, ulioganda chini usiosogea ukiusukuma, unaokuamsha usiku, au uliotolewa ukarudi. Na mwenye kisukari ambaye mguu umevimba na una joto kuliko mwenzake, aende siku hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu yoyote, kwa sababu mishipa yake ya fahamu inaweza kuwa imeshakufa ganzi.

Changu alikibonyeza, akaniambia nichezeshe kidole gumba, akakiona kikisogea na kano. Akazima taa, akaweka tochi ya simu ubavuni mwa kinundu. Kikawaka chote, chekundu. Mwanga ukipita namna ile ni dalili kwamba ndani kuna maji, si nyama. Hakuishia hapo, akanipeleka ultrasaundi, ikaonyesha mfuko wa majimaji ulioshikana na ala ya kano. Jina lake ganglioni. Si saratani na haugeuki kuwa saratani, na mingine hupotea yenyewe.

Alinipa nafasi ya kuchagua: niuache, au auvute kwa sindano huku nikijua mara nyingi hurudi. Kwa sababu ya kiatu nilichagua sindano. Ganzi ndiyo iliyouma kuliko yote. Kilichotoka ni kitu kizito, kinang'aa, kama ute wa yai. Mtaani nilishauriwa nikigonge kwa kitu kizito kipasuke. Daktari alikataza kabisa, unaweza kuvunja mfupa.

Lalamiko langu ni hili: bei ya sindano niliijua nilipofika dirishani kulipa, tena ilizidi ya kumwona daktari na ultrasaundi zikijumlishwa. Wanaweza kumwambia mgonjwa kabla. Karatasi ya majibu nayo imeandikwa Kiingereza kitupu, na dada wa mapokezi alitaka niondoke nayo hivyo hivyo. Nilirudi kwa daktari akanisomea yote bila kuchoka.

Uvimbe umeanza kurudi kidogo, kama alivyosema, lakini viatu navaa. Nyota nne kati ya tano. Ukienda kwa kinundu laini kinachosogea, watakuhudumia vizuri. Kama ni kigumu na kinakua, hawana daktari wa upasuaji pale, omba rufaa ya hospitali kubwa moja kwa moja, na usikubali mtu akikate bila sampuli kupelekwa maabara.