Uzoefu wangu: kozi ya Kikatalani Barcelona na kijineno "a"

Nimemaliza wiki 10 za darasa la jioni la Kikatalani hapa Barcelona. Kilichonifanya nione kwamba pesa yangu haikupotea ni kijineno kimoja tu: "a".

Niliingia darasani na Kihispania cha kazini. Katika Kihispania, anayetendwa akiwa mtu unayemjua, unamtangulizia "a": "He visto a María". Kitu hakitangulizwi: "He visto la casa". Kwangu hilo halikuwa gumu, maana Kiswahili nacho humtambua mtu ndani ya kitenzi. Tunasema nimemwona Maria, lakini nimeona nyumba. Jaribu kusema "nimeona Maria" uone watu watakavyokugeukia.

Basi nikaandika kwenye insha: "He vist a la Maria al mercat", nimemwona Maria sokoni. Mwalimu akaikata "a" kwa kalamu nyekundu. Iwe "He vist la Maria", na hiyo "la" ni ya jina lenyewe, hutangulia majina ya wanawake. Insha iliyofuata nikaiondoa "a" kila mahali, hata kwenye "m'ha vist mi", ameniona mimi. Akairudisha: "m'ha vist a mi". Hapo nilichanganyikiwa kabisa.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia mwalimu huyu. Aliandika ubaoni "He donat el llibre a la Maria", nimempa Maria kitabu, akatuuliza nani anapokea. Papo hapo nikakumbuka shamirisho kipozi (anayetendwa) na kitondo (anayepokea) tulivyozichambua shuleni Kenya! Kikatalani sanifu kinamwekea kitondo "a" yake, ilhali kipozi kinapita hivihivi, kiwe mtu au gunia la mchele. Wanaodai "a" hata wakiwa kipozi ni mi, tu, ell (mimi, wewe, yeye) na wenzao, pamoja na "l'un a l'altre", yaani kutendana. Kwa "ningú" na "tothom", yaani hakuna mtu na watu wote, unaruhusiwa kuiweka. Kiswahili hakitenganishi hivyo: nimempa Maria, nimemwona Maria, "m" ni ileile. Ndiyo maana kosa hili liling'ang'ania kalamu yangu kuliko yote.

Kasoro ni kitabu cha kozi. Jambo zito hivi limepewa nusu ukurasa, wala hakisemi kwamba ukipanda basi utawasikia Wakatalani wenyewe wakisema "he vist a la Maria". Kanuni tuliyofundishwa inafuata sarufi ya 1918 ya Pompeu Fabra, mwanaisimu aliyesanifisha Kikatalani. Sarufi ya 2016 ya Institut d'Estudis Catalans, taasisi inayosimamia Kikatalani sanifu, imelegeza baadhi ya sehemu. Mwanafunzi aambiwe hayo mapema, kabla hajaanza kutilia shaka masikio yake.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Ukijiandikisha na tayari una Kihispania, usisubiri kitabu kifike huko: mpelekee mwalimu sentensi zako za watu unaowajua, siku ya kwanza.