Kilainishi cha Sanduku la Usukani wa Gari la Zamani: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kiachwe

Sanduku la usukani lisilosaidiwa na haidroli halina pampu. Ndani yake mna parafujo nene iliyo mwishoni mwa shafti ya usukani, na kipande kinachosukumwa nayo, ambacho kulingana na gari huweza kuwa gia yenye meno machache, rola, kigingi au nati inayotembea juu ya gololi. Vyote hivyo hulainishwa kwa njia moja tu: kilainishi kilichosukumwa kando na meno lazima kitiririke chenyewe na kurudi kilikotoka. Sharti hilo ndilo nililolitumia kupanga bidhaa zinazofuata, na ndilo linalosahauliwa na mnunuzi ambaye swali lake la pekee dukani ni kama kitu hicho kitavuja.

Nafasi ya kwanza ni ya oili ya gia yenye uzito uliotajwa katika kitabu cha gari, ambao kwa kawaida ni SAE 90 au SAE 140 (SAE ni mizani ya uzito, yaani unene, wa oili). Vitabu vya Land Rover za Series, kwa mfano, vilitaja oili ya EP 90 (EP ni alama ya viambato vya kuhimili shinikizo kubwa) kwa sanduku la usukani, ile ile iliyotiwa katika gia boksi na difu. Oili hurudi kwenye meno haraka, hufika hadi beringi ya juu na bushi ya shafti inayotoka chini, na hubeba vumbi la chuma hadi sakafuni mwa sanduku badala ya kulishikilia katikati ya meno. Ikiwa sili zako ni nzima, huna sababu ya kununua kitu kingine.

Namba hizo huwatisha watu bure. SAE 90 ya gia si nzito karibu mara mbili kuliko SAE 50 ya injini, kwa kuwa mizani ya oili za gia ni tofauti na ile ya oili za injini. Katika nyuzi 100 za Selsiasi, SAE 90 hupimwa kati ya senti-stoki (kipimo cha unene wa oili) 13.5 na 18.5, yaani inalingana takribani na oili ya injini ya SAE 40 au 50. Jambo lingine ni kwamba mwaka 2005 mizani hiyo iligawanywa upya, zikaongezwa SAE 110 na SAE 190. Kabla ya hapo SAE 90 ilienea hadi senti-stoki 24, kwa hiyo kitabu cha miaka ya 1950 kinachosema 90 kinaweza kutimizwa leo na chombo kilichoandikwa SAE 110, na kwa sanduku lililokwisha kulika kidogo mimi ningechagua hiyo 110. Oili ya 80W-90 au 85W-140 nayo inafaa bila wasiwasi.

Alama ya GL, inayoonyesha daraja la viambato vya kuhimili shinikizo katika oili ya gia, inahitaji uangalifu zaidi kuliko uzito. GL-5 ilikusudiwa difu ambazo meno yake husuguana kwa shinikizo kubwa mno, na hivyo hutiwa viambato vingi vya salfa na fosforasi, ambavyo vina sifa mbaya mbele ya bushi za bronzi na shaba. Ni kweli kwamba sanduku la usukani halipati joto kama gia boksi, na madhara hayo, yakitokea, huenda polepole. Lakini GL-5 haina faida ya ziada hapa, na sioni kwa nini mtu achukue hatari isiyo na malipo. Nunua GL-4 pale kitabu kinapotaka EP, au GL-1, ambayo ni oili ya madini isiyo na viambato hivyo, kwa masanduku ya kale sana yaliyojaa bronzi.

Nafasi ya pili ni grisi ya majimaji, yaani ile ya namba 00 katika mizani ya NLGI, inayopima ugumu wa grisi. Hii ndiyo nafuu ya sanduku linalovuja, hasa lile lililotengenezwa wakati ambapo sehemu ya chini ya shafti ilizibwa kwa kitambaa kizito cha sufu au haikuzibwa kabisa. Tofauti yake na grisi ya kawaida huonekana katika kipimo: koni ya majaribio huzama milimita 40 hadi 43 ndani ya grisi ya 00, ilhali ndani ya grisi ya namba 2 huzama milimita 26.5 hadi 29.5 tu. Grisi ya 00 humiminika kama asali nzito, na kwa hiyo bado hutimiza sharti la kurudi. Wapo wanaotumia grisi iliyobuniwa kwa mashine za kuvunia mahindi, ambayo hulegea inapokorogwa na kukaza inapotulia, na tabia hiyo inalifaa sanduku la usukani vizuri kuliko mtu angetarajia. Namba 0 pia inakubalika mahali penye joto.

Ya tatu ni oili ya silinda za mvuke ya ISO 460 au 680. Namba hizi za ISO ni mizani nyingine ya unene, hupimwa katika nyuzi 40, kwa hiyo 460 si mlima: inakaribia SAE 140. Ni rafiki wa bronzi na hushikamana na chuma, lakini katika baridi kali usukani huwa mzito asubuhi.

Mchanganyiko wa oili na grisi unaotengenezwa nyumbani ningeuweka mbali nyuma, kwa kuwa vilivyochanganywa huweza kutengana, na sabuni ya grisi moja, yaani kile kinachoifanya iwe nzito, huweza kukataana na ya nyingine.

Mwisho kabisa ni grisi ya namba 2, ile ya beringi za magurudumu. Parafujo huchimba handaki ndani yake mara chache za kwanza, kisha huzunguka katika handaki hilo ikiwa kavu huku sanduku likionekana limejaa. Haivuji, na hiyo ndiyo sifa yake pekee. Ukiikuta ndani, fungua kifuniko uitoe yote kabla ya kutia kilainishi kipya.

Usukani wa haidroli usiutie hata kimoja kati ya hivi. Una oili yake.

Lita moja hutosha na kubaki, kwani masanduku mengi huchukua chini ya nusu lita. Jaza hadi kwenye tundu la kujazia, polepole, ukiugeuza usukani pande zote mbili ili hewa itoke. Usitumie bomba la grisi lenye shinikizo, kwa sababu husukuma sili nje na kupandisha grisi ndani ya mrija wa shafti. Katika magari ambayo waya wa honi hupita katikati ya shafti na kutokea chini ya sanduku, angalia kwanza nati na pete laini inayoziba mrija wa waya huo kabla ya kuilaumu sili kubwa, maana oili nyingi hupotelea hapo.