Mafundi wa Keko na nyumba ya kwanza: milango ndiyo, makabati ya jikoni kwa masharti

Kwa familia changa iliyohamia nyumbani kwake kabla ujenzi haujaisha, kama wengi wetu tunavyofanya ili kodi ya pango isiendelee kumeza fedha za saruji, mafundi seremala wa Keko jijini Dar es Salaam wana huduma moja ambayo sijaona mahali pengine inapofikiwa, nayo ni kutengeneza milango ya mbao ngumu kwa kipimo halisi cha nyumba yako. Makabati ya jikoni ni habari nyingine, na nitayafikia. Mimi na mume wangu tulinunua pagale lililokwisha kuezekwa huko Kibada, Kigamboni, tukaingia likiwa na plasta, umeme na mlango mmoja wa chuma, huku vyumba vikitenganishwa kwa mapazia na mtoto wetu akitambaa kutoka sebuleni hadi stoo bila kizuizi chochote. Milango ndiyo iliyokuwa haja ya kwanza.

Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza milango iliyo tayari, mingi ikiwa ya futi saba kwa futi tatu. Tatizo ni kwamba mwashi aliyejenga nyumba yetu aliacha nafasi za milango ambazo hazilingani, na mojawapo ilikuwa pana zaidi chini kuliko juu. Fundi tuliyempata Keko alikuja mwenyewe hadi Kibada, akapima kila nafasi juu, katikati na chini, akaandika vipimo kwenye kipande cha ubao, na milango ilipoletwa kila mmoja uliingia mahali pake. Kwa kazi hiyo peke yake ninampa sifa zote. Jiografia nayo inawasaidia watu wa Kigamboni, kwa kuwa kutoka Keko unaingia Kurasini na kuvuka Daraja la Nyerere, hivyo kirikuu moja ilitosha kubeba milango na fremu zake, na gharama ya usafiri haikutuumiza hata baada ya kulipia tozo ya daraja.

Sasa nije kwenye mbao, ambako ndiko ubora wa kazi ya Keko unakoamuliwa. Utaambiwa uchague kati ya mninga, mkongo, mtiki na mbao laini za paina. Mninga unastahili sifa yake, kwa sababu hausinyai wala kuvimba sana hali ya hewa inapobadilika, unakubali randa vizuri, na kiini chake hakishambuliwi kirahisi na mchwa. Mkongo ni mzito zaidi na unafaa mlango wa nje, mradi bawaba ziwe imara. Mtiki ni mzuri pia, lakini ule uliovunwa ungali mchanga mashambani huwa na sehemu kubwa nyeupe inayozunguka kiini, na sehemu hiyo haina kinga ya kiini. Ukiona ubao wenye rangi mbili, hudhurungi katikati na nyeupe pembeni, muombe fundi aikate ile nyeupe au abadilishe ubao. Sisi tulichagua mkongo kwa mlango wa mbele na mninga kwa vyumba, na kwa bei tulizopewa tofauti kati ya mninga na mtiki haikuwa kubwa kiasi cha kututia mashaka.

Hata hivyo, aina ya mti si jambo la kwanza la kuuliza. La kwanza ni ukavu. Karakana nyingi tulizopita hazina akiba ya mbao. Fundi hupokea malipo ya awali, ambayo kwetu yalizidi nusu ya bei, kisha huenda nayo kununua mbao za kazi yako. Maana yake ni kwamba ubao unaoweza kuwa umepasuliwa hivi karibuni unaingia kwenye randa mara moja, ilhali kanuni ya zamani ya maseremala ni kwamba ubao unaokaushwa kwa hewa unahitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake. Katika karakana moja, ambayo siyo iliyotutengenezea milango, niliambiwa, “Dada, mbao hizi zimekauka kabisa,” nami nilipouweka mkono juu ya ubao nikahisi ubaridi wa unyevu, na msumeno ulikuwa ukitoa unga unaogandamana badala ya kupeperuka. Tuliondoka. Simlaumu fundi yule kwa hila, kwa maana mfumo wenyewe wa malipo haumpi nafasi ya kulaza mbao zikauke. Mteja anataka mlango upesi, na fundi hana mtaji wa kununua mbao leo kwa ajili ya mteja wa mwakani.

Aliyetufanyia kazi alikuwa na mninga uliobaki kwenye kazi nyingine na uliokaa muda mrefu chini ya bati, na hiyo ndiyo sababu kuu ya kumchagua, kuliko hata bei yake. Milango yetu ni ya paneli, yaani vipande vya ubao vilivyozungukwa na fremu ya mlango wenyewe, na hapa kuna jambo ambalo mteja anaweza kulikagua hata kama hajui useremala. Paneli inapaswa kukaa huru ndani ya mfereji mwembamba uliochimbwa kwenye fremu, bila gundi na bila msumari, ili ipate kutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Ikigundishwa, hutafuta njia nyingine ya kusinyaa, nayo ni kupasuka katikati. Milango yetu imepita masika moja. Ule wa bafuni ulibana kidogo kwa juu, fundi akaja akaupiga randa bila malipo, na hakuna paneli iliyopasuka.

Ombi langu kubwa kwa yeyote anayekwenda ni kwamba aione kazi kabla haijapakwa vanishi. Rangi ya mbao inaweza kuifanya paina ifanane na mninga, na mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao huziba nyufa na viungo vilivyoachana vizuri sana hadi jicho lisione kitu. Fundi mwaminifu hatachukia ukifika wakati mlango ungali mweupe, yaani haujapakwa kitu. Wetu alitupigia simu yeye mwenyewe kwamba tuje tukague. Lakini vanishi yenyewe ipakwe hukohuko karakana. Kuna wanaopendelea kupaka nyumbani ili rangi zifanane, na huenda wana hoja ikiwa nyumba haina mtu, ila kwa wenye mtoto mdogo wanaolala ndani ya nyumba hiyohiyo harufu ya vanishi na thina si ya kuvumilia.

Miimo nayo isisahauliwe. Mara nyingi mteja huhangaika na mlango wenyewe halafu hukubali fremu ya paina isiyotiwa dawa kwa kuwa itafichwa na plasta, na mchwa hupenda sana kuanzia pale mwimo unapogusa sakafu. Lipia mkongo, au angalau mbao za dawa.

Makabati ya jikoni tuliyaagiza kwa karakana nyingine ya eneo hilohilo, na hapo sifa zangu zinapungua. Milango ya makabati, ambayo ni ya mbao, ni mizuri. Masanduku yake yalitengenezwa kwa ubao wa MDF, yaani nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, na kingo za ndani hazikuzibwa, hivyo chini ya sinki, ambapo bomba lilivuja kidogo, ubao umevimba na hautarudi ulivyokuwa. Bawaba walizoweka zilikuwa nyepesi, na hewa ya chumvi ya Kigamboni imekwisha kuzitia kutu. Fundi alikubali kubadilisha upande wa sinki kwa plaiwudi, lakini kwa gharama yetu ya vifaa, na droo bado hazifungi sawasawa. Ukitaka makabati Keko, nunua mwenyewe plaiwudi ya milimita 18, bawaba zisizoshika kutu na reli za droo, kisha mlipe fundi ufundi wake tu. Ukiona hilo ni usumbufu, karakana zenye mashine ya kukata na kuziba kingo zitakufaa zaidi, ijapokuwa huko hutapata mbao halisi kwa bei ile.

Kuhusu malipo, hakikisha aina ya mbao, unene wa fremu na mwenye jukumu la kufunga vitasa vimeandikwa kwenye risiti, kwa kuwa neno “mlango” kwa fundi mmoja linajumuisha bawaba na kitasa, na kwa mwingine halijumuishi hata miimo. Kitanda cha mtoto tutakiagiza kwa yuleyule aliyetengeneza milango. Mninga wake tumekwisha kuununua, na mbao zimelazwa stoo zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, hadi fundi mwenyewe aje kuzigusa na kusema zimefaa.